Polishi ya Masika

Jumatatu, 24 Machi

Kaja tena. Andika hivyo kwenye daftari la presha, mjukuu wangu Maryamu: Evodia kaja tena. Presha uiandike juu yake, mia moja hamsini na nane kwa tisini na sita. Nesi akiuliza imepandia wapi, ajibiwe na mstari wa chini.

Nimefunga, koo limekauka, niko uani nachambua mchicha wa futari, nasikia bandani mgosi anacheka. Mbwana, fundi magitaa, mume wangu kwa miaka arobaini na moja. Sikio lake la kulia lilishakufa, la kushoto linalifuata, kwa hiyo siku hizi ukitaka acheke inabidi umsogelee. Sasa najiuliza huyo mama kamsogelea kiasi gani.

Ni mjane, huyo Evodia, wa Kwashemshi huko. Analima, anauza maharage, Jumapili anapiga gitaa kanisani kwao. Babu yake aliletwa na mkonge kutoka Unyamwezi. Sisi ni Wazigua wa Kwedizinga, hapa Masuguru tulihamia kufuata kazi. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, hilo hakuna asiyelijua. Kwa hiyo siku ya kwanza aliingia na gitaa la marehemu baba yake ndani ya kiroba, shingo mbali, tumbo mbali, ukuta wa jiko uliliangukia. Akamwambia Mbwana, "Mume wangu, nimekuletea maiti. Nifufulie kabla ya Pasaka." Halafu akanigeukia mimi. "Mke mwenzangu, umechoka. Hebu niachie huyu mzee nimlee."

Mtani akikwambia hivyo hununi. Unamjibu kwa tusi, mnacheka, yanaisha, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Basi tusi nilimpa, na lilikuwa tusi zuri. Kucheka ndiko kulikonishinda.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Presha sijapima.

Alhamisi, 27 Machi

Mia moja hamsini na moja. Leo hakuja.

Leo nataka niseme kazi yangu, maana hata Iddy mwanangu anadhani pale bandani nafagia maranda. Mbwana anakata, anaunga, anafunga nyuzi. Akimaliza gitaa linakuja kwangu likiwa jeupe, kavu, kama mtu katoka kuoga hajajipaka mafuta. Polishi yetu ni ile ya magamba, ukiimwaga mkononi ni kama magamba ya samaki mekundu. Naiweka kwenye chupa na spiriti, inakaa siku nzima inayeyuka. Nachukua pamba, naifunga ndani ya kipande cha shuka kuukuu, natia tone la mafuta ya kula, nasugua kwa kuzungusha. Nazungusha mpaka bega linaniambia acha. Naacha likauke, narudia. Gitaa moja siku tatu, nne. Mafundi makabati wanapuliza kwa mashine, dakika tano linang'aa kama pipi. Gitaa ukilipulizia vile linazibwa koo, halisemi. Hayo si yangu, kayasema Mbwana.

Nilijifunza bila kufundishwa. Mwaka wa kwanza nimeolewa nilikuwa nampelekea chai nasimama mlangoni nikiangalia. Siku moja akaumwa homa, mwenye gitaa anakuja kesho yake, nikalipiga polishi mimi. Alipoamka akalitazama, akaligeuza, akalipeleka mwangani. Kesho yake kigoda kiliwekwa pale dirishani, kwenye mwanga. Nimekikalia mpaka leo.

Sharti ni moja tu. Mvua ikinyesha hupigi polishi. Unyevu wa hewani unaingia ndani yake, inageuka nyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Masika tunangoja, hata wiki mbili. Wateja wetu wanajua hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimepika pilau, nimevaa gauni alilonitumia Iddy kutoka Tanga. Kabla hatujala mtani kafika. Kaingia hajaitwa, kafunua sufuria, kajipakulia nyama, akasema hii mahari yangu ya kwanza. Watu wakacheka, na Maryamu naye kacheka. Usikatae, nilikuona.

Sasa sikiliza. Baada ya kula wakaenda bandani kulijaribu gitaa. Mbwana kalitengenezea shingo mpya ya mti wa mkangazi, kabandika ubao wa mbele upya, hujui lilivunjika. Bado jeupe, halijaja kwangu. Nikawapelekea chai, nikamkuta Evodia amekaa kwenye kigoda changu, dirishani, gitaa liko mapajani. Anapiga. Na Mbwana, kwa kuwa masikio hayapo, kapiga magoti chini, kaweka taya lake kwenye ubavu wa gitaa asikie kwa mfupa. Macho kafumba.

Miaka arobaini na moja. Mimi sijui kupiga hata uzi mmoja. Hajawahi kuweka taya mahali nilipo mimi.

Nikaiweka chai chini. Evodia akafungua mdomo aseme neno lake la utani, aliponitazama akaliacha. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Kumbe uso wangu unasomeka.

Presha sipimi siku ya Idi.

Jumanne, 1 Aprili

Mia moja sitini na tano. Maryamu anasema nipunguze chumvi.

Ijumaa, 4 Aprili

Baada ya swala nilimuuliza Mbwana kwa upole, hivi huyu mama mmejuana wapi, maana mnacheka kama watu wa zamani. Akanijibu kana kwamba nimemuuliza bei ya vitunguu. Akasema ni mtoto wa Yordani.

Ndiyo kwanza nasikia hilo jina. Nikamng'ang'ania, akaanza kusimulia. Akiwa kijana wa miaka kumi na sita alikuwa anapeleka mkaa kwenye kambi ya mkonge. Yordani alikuwa mkata mkonge, jioni anapiga gitaa watu wanacheza. Nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli. Mbwana akawa anachelewa kurudi kwao. Yordani ndiye aliyemwonyesha gundi, ndiye aliyemwonyesha kunyoosha shingo kwa mvuke wa sufuria. Gitaa la kwanza kuguswa na mume wangu ni hilohilo lililoletwa kwenye kiroba. Na Evodia alikuwa wa miaka miwili, analia, mama yake yuko shambani, Mbwana anambeba mgongoni huku anaangalia Yordani anavyofanya.

Wengine wangesema basi, yameisha, kumbe ni mtoto aliyembeba. Mimi kwangu ndiyo yameanza. Kama angekuwa mchumba wa zamani ningejua la kumtendea. Huyu kaja na wakati ambao mimi sikuwepo. Nimelala na huyu mwanamume miaka arobaini na moja, nimemzalia watano, nimezika wawili, na hajawahi kunitajia Yordani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Hukuuliza."

Ningeuliza vipi jina nisilolijua?

Jumapili, 6 Aprili

Mvua kutwa. Nimekula ugali wa bada na mlenda, nimelala.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Evodia kapiga simu. Mbwana hasikii simu, napokea mimi. "Mke mwenzangu, maiti wangu anaendeleaje?" Nikasema anaendelea. Nikakata.

Jumamosi, 12 Aprili

Mia moja hamsini na tisa kwa mia moja.

Evodia kaja na ndizi mkungu mzima. Anataka gitaa Alhamisi, wanafanya mazoezi ya mwisho, Jumapili ndiyo Pasaka. Akasema mwaka huu unatimia wa ishirini tangu baba yake azikwe, na kanisani wanajua gitaa linakuja, kashawaambia. Mbwana akaangalia mawingu, akasema mimi nimemaliza, aliyebaki ni Mama Iddy, na Mama Iddy anangoja jua. Jua likitoka Jumatatu, Alhamisi utalipata. Lisipotoka, utalipiga jeupe hivyohivyo, halafu utalirudisha.

Akaniambia mimi, mbele yake, usiliguse mpaka jua. Kama mtu anamwambia mtoto. Halafu akaondoka kwenda Kwedizinga, mjomba wake anaumwa, anarudi Jumatano.

Jumanne, 15 Aprili

Kichwa kinauma. Usiandike kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Mbwana karudi. Mjomba hajambo.

Ijumaa, 18 Aprili

Kaa vizuri, Maryamu, leo ni ndefu. Haya ni ya daftari, Iddy asiyasikie kwenye simu.

Jumanne nilikudanganya, kichwa hakikuuma. Ulipokwenda sokoni niliingia bandani. Mvua ilikuwa ile ya kusimama, huoni nyumba ya pili. Gitaa limening'inia kwenye msumari. Nililishusha nilitazame tu. Kwa nini mikono ikachukua chupa, sijui, ila siwezi kusema sikujua ninachofanya. Nilijua kuliko siku zote. Nilifungua mlango wa upande wa mvua, ule tusioufungua masika, ukungu ukaingia kama mgeni. Nikakaa kwenye kigoda changu. Nikapiga polishi nzito, sikungoja ikauke, nikapiga juu yake nyingine, na nyingine. Ukipiga nyembamba ikageuka nyeupe, unapitisha spiriti kidogo inaondoka. Mimi nilitaka iingie ndani isiondoke.

Nikaona inageuka. Kwanza pembeni, halafu ubao wote. Nyeupe ya maziwa yaliyolala. Moyo ukatulia, nisikufiche. Nikasema haya, kapige na hilo Pasaka.

Nililirudisha kwenye msumari, nikafunga mlango, nikaenda kuchemsha maharage.

Jumatano Mbwana karudi, kavua koti, kaingia bandani. Nilikuwa uani namngojea aniite. Hakuniita. Alikaa humo muda wa kupika chai ukainywa. Alipotoka akaniuliza kama kuna maji ya kuoga.

Jana ndiyo Alhamisi. Evodia kafika asubuhi na mvua kichwani, nguo zinachuruzika, kafurahi. Mbwana akalitoa gitaa mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. Evodia alilitazama, akapitisha kidole, akakinusa kidole. Akasema, "Mzee, hili limefanya nini?" Hakusema mume wangu. Alisema mzee.

Mbwana akamwambia, kwa sauti yake ile ya mtu asiyejisikia, "Nimekosea mimi. Niliharakisha, nikalipaka mvua ikinyesha. Macho nayo hayaoni vizuri."

Akasema hivyo. Mimi nipo pale na ufagio. Hakunitazama hata mara moja.

Evodia alijaribu utani, akasema ndiyo maana nataka kukulea, lakini sauti haikuenda. Gitaa likabaki. Akaondoka mikono mitupu kwenye mvua ileile. Nilimwona mgongo mpaka kwenye kona.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, ndiyo, mpaka adhuhuri. Baada ya hapo ilikuwa kama mtu aliyekula asali nyingi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka yao. Mvua. Kengele za kanisa zimepigwa nikajifunika shuka.

Jumanne, 22 Aprili

Elisha, yule anayefundisha kwaya za hapa mjini, alikuwa na magitaa mawili kwetu. Kaja leo. Kaamkia vizuri, shikamoo mzee, shikamoo bibi, kakataa kukaa. Akasema anayachukua kwanza, kuna haraka kidogo, atayapeleka Tanga. Mbwana akasema moja limebaki kufungwa nyuzi tu, nusu saa. Elisha akaangalia chini, akasema hapana mzee, wewe pumzika.

Pumzika. Fundi anaambiwa pumzika, wewe unaelewa maana yake.

Alipofika getini nilimfuata, nikamuuliza kasikia nini. Hakutaka. Nikamwambia mimi ni sawa na mama yako, sema. Akasema huko Kwashemshi habari ni kwamba mkono wa Mzee Mbwana umekwisha, kaharibu gitaa la marehemu, mpaka polishi hajui tena ipigwe lini. Nikataka kumwambia. Nikamfungulia geti.

Alhamisi, 24 Aprili

Sharifu wa Handeni kapiga simu. Lile gitaa lake kama hatujaanza, tusianze.

Mbwana kauliza nani kapiga. Nimesema kakosea namba.

Jumamosi, 26 Aprili

Mia moja sabini na mbili kwa mia na nne. Nesi kasema nisipate hasira. Sina hasira na mtu, ndiyo shida yenyewe.

Bandani kuna gitaa moja tu. Mbwana anaingia asubuhi kama kawaida, anafagia, anapanga patasi, anazinoa, anazipanga tena. Jana nimemwona kanoa patasi ileile mara tatu.

Siku mama mkwe alipofariki kule Kwedizinga, watani wa Kinyamwezi walifika, mmoja akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu wanalia wanacheka palepale. Mbwana alikimbia mwenyewe kumkamata jogoo, kanzu imejaa tope, anacheka machozi yanatoka. Ndivyo alivyo huyu mtu, utani kwake ni heshima. Sijui kwa nini nimekumbuka. Mimi siku ile nilicheka vizuri tu. Jogoo si mume.

Jumanne, 29 Aprili

Leo nimemwambia.

Nilimkuta anajaribu kuondoa ule weupe kwa msasa. Anasugua pole, maana ule ubao wa mbele ni mwembamba kama ukucha, ukizidisha unatoboa. Nilisogea upande wa sikio la kushoto.

"Mgosi, ni mimi niliyelipaka mvua ikinyesha."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoingia. Sakafu ya mlango wa mvua ilikuwa imelowa. Na polishi ilikuwa ya mkono wako, mimi sizungushi hivyo."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

Hakuacha kusugua. Akasema, "Fundi mzee akiharibu watu wanasema uzee, wanaona huruma. Mwanamke akiharibu wanasema si ni mwanamke, na hawatakuletea tena mpaka ufe. Mimi imebaki miaka michache ya kusimama hapa. Mkono wako bado."

Nikalishika bega, hili la kuzungushia. Kumbe miaka yote ile alikuwa ananiona, na mimi nilidhani nimekaa tu dirishani.

Halafu akasema, "Na yule ni mtani tu, Mama Iddy."

"Mtani achukue jogoo," nikamwambia. "Hakai kwenye kigoda changu."

Hapo ndipo alipoacha msasa. "Kigoda kipi?"

Wallahi hajui. Mimi nimepandisha presha, nimeharibu kazi ya mikono yake, nimemharibia jina mji mzima, kwa ajili ya kigoda, na yeye hajui kama kina mwenyewe. Nilitaka kumpiga na ule msasa. Nikakaa chini nikacheka, naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Lakini jina bado limeharibika. Nilimwambia nitakwenda kusema ni mimi. Akasema hapana. Akasema jambo limekwisha, nisilifukue. Huo ndio mwisho wa maneno yake, na alivyo na masikio yale, ukibishana naye anakuwa hasikii kabisa.

Jumamosi, 3 Mei

Jua. Tangu asubuhi, jua la kukausha mpunga. Nimechukua spiriti na kitambaa, nimeanza kuvua ule weupe, kidogo kidogo, kama kumwosha mtoto mwenye upele.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Nimepiga polishi ya kwanza.

Jumatatu, 5 Mei

Ya pili asubuhi, ya tatu alasiri. Mkangazi umeanza kutoa ile rangi yake ya nyama mbichi. Mbwana kapita, kasimama, kaenda.

Jumanne, 6 Mei

Nilimpigia Evodia mwenyewe. Nikamwambia njoo, limekaribia, na njoo leo maana mgosi yuko msikitini mpaka jioni, kuna kisomo.

Kaingia kapunguza sauti. Nikamkalisha kwenye benchi, kigoda nikakalia mimi. Nikamwambia yote, kuanzia mlango wa mvua. Nilivyomaliza akaanza kucheka, akapiga paja, akasema, "Mke mwenzangu, umenipiga bao. Basi nipe jogoo yaishe."

Alikuwa ananifungulia mlango, naelewa. Ningesema haya, ningemkamata jogoo, ingekuwa utani, na utani hauna kesi.

Nikamwambia, "Hapana. Huu si utani, Evodia. Nilifanya kwa wivu."

Sikuwahi kumwita jina lake mbele yake. Akaacha kucheka. Akakaa anaangalia kucha zake, ndefu mkono mmoja, fupi mkono mwingine, ndivyo wapiga gitaa walivyo.

"Pasaka nilisimama mbele ya watu," akasema, "sina cha kushika. Niliimba mikono inaning'inia. Nilikuwa nimewaambia watasikia gitaa la baba."

Nikaokota pamba ya polishi, nikaiweka chini tena.

"Na mimi nilimsema mzee wako," akasema. "Soko zima. Nilisema mkono umekwisha."

"Basi rudi ukaseme haujakwisha."

"Nikisema mimi, watasema namtetea mume wangu." Halafu akashtuka, maana neno limemtoka kwa mazoea, wala hakucheka. "Useme wewe, Bi Tatu. Keshokutwa nitakuja kulichukua, nitamleta Elisha. Yule wa Handeni naye, Sharifu, atakuwa hapa mjini, nitamwambia apite. Useme mbele yao. Mimi nitakuwepo."

Nikamwambia Mbwana kanikataza. Akasema, "Hilo ni la kwenu wawili. Mimi nyumbani kwangu nikifunga mlango hakuna wa kunikataza kitu."

Alivyosimama kuondoka alilishika gitaa, polishi haijashika vizuri bado, akalishika kwa shingo tu kwa adabu, akaweka sikio. Na bado, Maryamu, niandikie ukweli: nilitamani nimpokonye. Haijaondoka. Nilidhani mtu akisema inaondoka.

Jumatano, 7 Mei

Polishi ya mwisho. Nimeifuta kwa kitambaa kikavu. Unajiona uso.

Mia moja arobaini na nane.

Alhamisi, 8 Mei

Wameshafika. Elisha, na Sharifu, mnene kuliko nilivyodhani kwa sauti yake, na Evodia kavaa kitenge kipya. Wako bandani. Mimi niko hapa jikoni na wewe nakwambia uandike haraka, kabla sijaitwa.

Mbwana hajui kitu. Anadhani wamekuja kulichukua gitaa tu. Kafurahi, kavaa ile kofia ya Idi. Unamsikia? Anawaeleza. Anawaambia mara ya kwanza aliharibu yeye, macho, uzee, sasa limekaa sawa, walitazame. Anajirudia uongo wake mbele ya watu kama mtu anayejifunga mzigo mwenyewe. Elisha anaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Evodia anatazama mlango. Ananingoja.

Nawaza nikishasema, itakuwaje. Huyo Elisha atamwachia Mbwana magitaa yake, sawa. Mimi je? Nani atamletea mwanamke aliyeharibu kwa makusudi? Mbwana alisema kweli, hawataniletea tena. Labda kile kigoda kitakaa tu pale dirishani kinapigwa na jua. Na huyu mama ataendelea kuja, kwa kuwa ana sababu, na ana mikono ya kupiga, na mimi nitakuwa jikoni nasikia anacheka.

Nikinyamaza, kigoda kitabaki changu. Kwenye banda lisilo na gitaa.

Subiri. Anaita. "Mama Iddy." Wageni wanataka maji ya kunywa. Kaita mara mbili, anadhani mimi ndiye nisiyesikia.

Nipe ile trei. Bilauri nne, hapana, hiyo ina ufa, weka nyingine. Daftari funga, presha tutapima baadaye.

Nakuja, mgosi. Nakuja na maji, na nina neno na wageni wako.